Pindo la Mwisho

Nyumbani kwa Time, mtaa wa Tibirinzi, Chake, kulikuwa na chumba ambacho mumewe alikiita hospitali. Humo ndimo ilimokaa cherehani yake, na humo ndimo zilimolala nguo za watu zilizokaribia kupona lakini hazikupona. Kulikuwa na kanzu iliyokosa kola tu. Kulikuwa na sare ya skuli iliyokwisha yote isipokuwa vishikizo, na mwenye sare yake alikuwa keshatoka skuli siku nyingi na sasa ana mke. Kulikuwa na gauni la kitenge la jirani yake Konsolata, nesi kutoka Bukoba, ambalo lilikuwa zuri kuliko nguo zote alizonazo Konsolata, lakini halikuwa na pindo, na mwenyewe alikuwa amechoka kuliulizia.

Watu walimpenda Time. Walisema ana mkono mzuri ila hana subira. Yeye mwenyewe alisema hivyo hivyo. "Mie kitu huchoka nacho upesi," angekwambia, na angecheka, na wewe ungecheka naye. Aliacha skuli wiki ya mtihani wa kidato cha nne. Alijiunga na mafunzo ya ukunga, akayaacha yalipobaki majaribio ya mwisho. Mwaka mmoja alilima mpunga akaupalilia kama mtu anayelea mtoto, kisha msimu wa kuvuna akalala kitandani, wifi zake wakaenda kuvuna. Kila mara palikuwa na sababu, na sababu hazikuwa za uongo. Kichwa kilimuuma kweli. Tumbo lilimchafuka kweli. Nguo zilizokuwa na haraka alizipeleka kwa Fundi Shaame sokoni Chake, akammalizia.

Mumewe Haidar, fundi wa majokofu, alikwishazoea. Alimwoa akimpenda, na hakuona haja ya kumgeuza.

Mtoto wao alikuwa mmoja, Zulekha. Alipoposwa na Hamdan, kijana wa Mkoani waliyekuwa wakisomesha naye skuli moja, mambo yalipangwa bila tabu. Siku ya ndoa ikatajwa. Jioni moja baada ya sala ya Alasiri walikuwa wamekaa barazani wote watatu, na Haidar akasema gauni la biharusi litakodiwa Unguja, anamjua mtu wa kulileta.

Zulekha alikuwa akipepeta mchele. Hakuinua uso. "La kukodi silitaki, baba. Nataka anishonee mama."

Haidar akamtupia mkewe jicho, kisha akasema kwa upole, "Haya, mama ako atashona, na Shaame atamalizia."

"Atashona mama na atamaliza mama."

Time akacheka. "Mwanangu, kwani hunijui mie?"

"Nakujua," alisema Zulekha, akaendelea na mchele wake.

Time alinunua satini nyeupe ya rangi ya maziwa na lesi ya kifuani, akaanza. Na hapo ndipo mtu angeshangaa nani alisema mwanamke huyu hana subira. Kila siku baada ya sala ya Alfajiri alikuwa tayari chumbani. Alikata bitana, akaifumua, akaikata tena kwa sababu bega moja lilimkaa mtoto vibaya kidogo, kidogo ambacho hakuna mwengine angekiona. Alishona lesi kwa mkono, ua kwa ua. Konsolata alikuwa akitoka zamu anapita dirishani kuchungulia, na siku alipoliona gauni limesimama kwenye mwili wa Zulekha aliweka mkoba wake chini.

"Mama Zule, mimi niko tayari kuolewa upya kwa ajili ya gauni kama hili."

"Muulize kwanza mumeo," alisema Time, na midomo yake imejaa pini.

Ikabaki zipu ya mgongoni na pindo. Kazi ya asubuhi moja. Time aliosha mikono, akakaa, akaweka miguu kwenye kanyagio. Vidole vikampoa. Akavifikicha. Akakumbuka kwamba jokofu lina barafu nyingi, akaenda kulisafisha. Kisha akakumbuka kuna mgonjwa mtaa wa pili hajamtazama. Siku ya pili kichwa kilimuuma tangu alipofumbua macho. Siku ya tatu alilikunja gauni ndani ya shuka safi, akalitia kikapuni, na alipofika sokoni mbele ya duka la Shaame ndipo alipogundua kwamba hakukata shauri la kwenda. Miguu ilikwenda tu, kama inavyokwenda chooni.

Shaame alilifungua gauni juu ya meza yake. "Bi Time, hata hili?"

"Macho yananisumbua."

"Limebaki zipu na pindo tu."

"Ndiyo. Pindo tu."

Shaame akalikung'uta. Akalitundika.

Alasiri ile ile Zulekha alikuwa sokoni akitafuta hina. Alipita mbele ya duka la Shaame, akasimama. Alirudi nyumbani na gauni mikononi, akalilaza juu ya cherehani. Time alikuwa amejinyoosha kwenye mkeka wa chumba kile, kitambaa chenye maji baridi usoni.

"Nimelikuta kwa Fundi Shaame," alisema Zulekha.

"Macho, mwanangu..."

"Mama, macho yako yanatia uzi kwenye sindano wakati mie sindano yenyewe siioni." Hakuwa na hasira. Alikaa chini karibu na mamaake, akavuta magoti. "Nataka kukuuliza kitu, na usidhani nakulaumu. Siku nilipohitimu msahafu, mama wa kila mtoto alikaa mbele. Wewe ulikuwa kwa jirani unaosha masufuria. Mahafali yangu ya chuo alikuja baba peke yake, wewe kichwa. Kila mwisho wangu nikitazama, hupo. Unaogopa nini?"

"Siogopi kitu mie."

"Basi ukimaliza gauni hili kutakuwa nini?"

"Atakufa mtu," alisema Time.

Alilisema kama mtu anavyotaja jina lake akiulizwa, bila ya kufikiri. Kisha akalisikia. Akakiondoa kitambaa usoni, akaketi, mkono umefunika mdomo, akimtazama mwanawe kana kwamba aliyesema ni Zulekha.

"Nani atakufa?"

"Sijui." Alikikunja kile kitambaa. "Sijui kwa nini nimesema vile."

Nje, Konsolata alikuwa akianika nguo, kamba ikilia kila alipoivuta.

"Babu yako," alisema Time mwishowe. "Babu yako alianguka mnazini siku niliyohitimu mie."

Zulekha alijua kwamba babu yake alifariki kwa kuanguka mnazini. Hakuwa amepata kuambiwa siku. Aliuchukua mkono wa mamaake. Ulikuwa baridi, na jua la nje lilikuwa kali.

"Nilikuwa na miaka tisa," alisema Time. "Nilikuwa nimeshasahau."

"Hukusahau," alisema Zulekha. "Nenda kwa bibi. Muulize siku ile ilikuwaje. Weye siku ile unayo kama alivyoiona mtoto. Bibi anayo kama alivyoiona mtu mzima."

Bi Asya, mamaake Time, alikuwa bado akiishi Makoongwe, kisiwa kidogo mbele ya Mkoani, katika nyumba ile ile. Time alivuka asubuhi ya pili. Alimkuta barazani anasuka ukili wa mkeka, miguu kainyoosha, kidole gumba kikienda chenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona peke yako? Kwema?"

"Kwema. Nimekuja kukuona."

Bi Asya alimtazama, akajua kwamba si hilo tu, lakini hakuharakisha mambo. Walikula kwanza. Walizungumza habari za harusi, nani kaalikwa na nani atanuna. Baada ya sala ya Adhuhuri, Time akasema, "Mama, nambie ile siku."

Katika nyumba ile haikuwa na haja ya kuuliza siku ipi. Ilikuwa ikiitwa ile siku, na haikuwa ikizungumzwa. Bi Asya aliuweka ukili mapajani.

"Anza weye," alisema. "Weye unaikumbuka vipi?"

Time akaeleza. Alikuwa amevaa nguo mpya ya kijani. Watu wengi, turubai limefungwa mbele ya nyumba, Mwalim Zubeir amekaa mkabala naye. Alisoma zile sura za mwisho moja baada ya moja mpaka Qul audhu birabbi nnas. Mwalim akafunga msahafu. Wanawake wakapiga vigelegele vingi, vikubwa, vikazidi, na katikati ya vigelegele watu wakaanza kukimbilia nyuma ya nyumba. Kisha shangazi yake Matano akaja, akamshika mabega, akamtikisa. "Akaniambia, kuhitimu kwako kumemuua kaka yangu."

Bi Asya aliikunja miguu yake.

"Hilo la Matano nilikuwa silijui," alisema. "Mungu amrehemu. Siku ile na mie aliniambia yangu. Hata mnazi aliusemesha. Alikuwa na nduguye mmoja tu." Akapangusa mkono kwenye kanga. "Lakini hayo mengine sivyo."

"Yepi?"

"Hukuhitimu, Time."

"Vipi sikuhitimu?"

"Ulianza Wadhuha. Ulikuwa ukisoma vizuri, Mwalim anatikisa kichwa, baba yako kasimama nyuma ya watu anajifuta macho, anadhani hatumwoni. Wageni wakawa wengi kuliko tulivyotazamia. Madafu yakapunguka. Nikamwambia, waache, watakunywa maji. Akanambia, mwanangu anahitimu leo, watu wanywe maji? Akaenda nyuma ya nyumba. Weye ulikuwa umefika Idha zulzilati. Hukuimaliza. Tulisikia kishindo, halafu kijana aliyefuatana naye akapiga ukelele. Mwalim akakuwekea mkono kichwani, akakwambia nyamaza, mwanangu. Akaufunga msahafu hapo hapo." Bi Asya akatikisa kichwa. "Vigelegele havikupigwa siku ile. Zile unazozisikia ni sauti zetu tunalia."

Kuku alipita mbele yao akidonoa. Time alitafuta vigelegele vile kichwani mwake, vile vilivyokaa humo tangu utotoni. Alivisikiliza tena, na safari hii akasikia ni vilio. Vilikuwa vilio tangu mwanzo. Masikio ya mtoto yaliyokuwa yakingoja vigelegele ndiyo yaliyovigeuza.

"Kwa hivyo alipanda kwa ajili yangu," alisema baadaye.

"Alipanda kwa ajili yako. Siwezi kukudanganya na umri huu. Alipanda na furaha yake, na mvua ilikuwa imenyesha usiku, na mguu ukateleza. Siku yake ilikuwa imefika. Ungesoma, usingesoma."

"Mbona hamkunirejesha nikamaliza?"

"Mie nilikuwa eda. Baada ya hapo tulikupeleka tena chuoni kwa Mwalim, ukawa unasoma vizuri, ukikaribia mwisho unaumwa. Homa ya kweli, nilikuwa nikikugusa unawaka. Tukasema basi, mtoto asije akafa na yeye. Halafu Mwalim Zubeir akafariki. Nikanyamaza." Akauchukua ukili, akauweka tena. "Nilidhani nikinyamaza nakukinga. Kumbe nilikuacha peke yako nayo."

Time aliinuka, akaenda uani. Bi Asya alisikia maji ya kutawadha. Time aliporudi alikuwa na msahafu mkononi, ule wa nyumbani wenye jalada lililobanduka. Alikaa mkekani mbele ya mamaake, hakuufungua.

"Mama, nikimaliza na weye umekaa hapa..." Hakuweza kuendelea.

Bi Asya alielewa. "Sikiliza. Mie mtu mzee. Nikifa leo, hukuniua weye, imeniua miaka yangu. Soma."

Time akaanza na Idha zulzilati, pale alipoachishwa. Sauti ilikuwa ndogo na ilikwaruza. Alikosea mahali, na mamaake akamtengeneza bila ya kutazama kitabu. Sura zile ni fupi, zikaenda. Vidole vyake juu ya karatasi vilikuwa baridi, kisha mikono yote, kisha meno yakaanza kugongana na jua limewaka. Alifika sura ya mwisho. Akabakisha aya moja, akanyamaza.

Bi Asya hakumsaidia. Alikaa vile vile, macho yake kwa mwanawe, akingoja.

Time akaisoma.

Hakukuwa na kitu. Upepo ulipita kwenye migomba. Kisha mtu akabisha hodi upande wa jikoni, mwanamke wa nyumba ya pili, anataka kuazima mbuzi ya kukunia nazi.

"Ipo nyuma ya mlango, chukua," alisema Bi Asya, na sauti yake imelowa. Mwanamke yule alipokuwa anatoka na mbuzi yake, bibi mzee akaupeleka mkono mdomoni, akapiga kigelegele, kimoja, cha koo lililokauka.

"Kuna nini tena?" aliuliza jirani, amesimama.

"Mwanangu kahitimu msahafu."

Jirani alimtazama Time, mwanamke mzima mwenye mvi za pembeni, amekaa mkekani analia kama mtoto. Akafikiri kidogo. "Mabruki," alisema, akaenda zake kukuna nazi.

Time alirudi Chake mwepesi, akijua kwamba kazi imekwisha. Ndiyo maana asubuhi ya pili, alipokaa kwenye cherehani na vidole vikampoa kama kawaida, alishtuka. Alidhani ukishajua kitu, kitu chenyewe kinaondoka. Hakikuondoka. Kilikuwa kimekaa ndani ya mikono yake miaka mingi, na mikono haikuwa imeambiwa habari za Makoongwe.

Haidar alikuwa mlangoni anafunga mfuko wa vifaa nyuma ya pikipiki. Kuna duka Wete jokofu lao limekufa.

"Usende leo," alisema Time.

"Kwa nini?"

Zamani angesema kichwa. "Naogopa nikimaliza gauni utaanguka na pikipiki."

Haidar hakucheka. Jana yake usiku mkewe alikuwa amemhadithia kila kitu. Aliuacha mfuko, akasogea. "Nibaki? Nikibaki nitakaa hapa kwenye kiti mpaka umalize. Wete watangoja."

Time alilifikiri hilo kwa kweli. Lilikuwa jambo zuri, na lilikuwa jepesi. Haidar akae kitini, mzima, mbele ya macho yake. Kisha akaona kwamba ikiwa hivyo, basi kila pindo atakalokunja duniani itabidi kwanza amkalishe mumewe kitini, na mwanawe, na mamaake avushwe kutoka Makoongwe akalishwe na yeye.

"Nenda," alisema. "Endesha taratibu."

"Siku zote naendesha taratibu."

"Basi leo zaidi."

Pikipiki ikaondoka. Time aliisikiliza mpaka ilipopotea barabarani, kisha akaingia chumbani. Alianza na zipu. Ilikuwa kazi ya mashine, na mashine ina kelele, kelele zilimsaidia. Pindo alikuwa amekusudia kulishona kwa mkono, uzi usionekane upande wa nje. Akakaa chini, gauni limemjaa mapajani, na kwa kuwa hakuna aliyemsikia, akaanza kujisemesha kwa sauti. "Mie Time nakunja pindo. Kukunja pindo ni kukunja pindo. Hakuna jengine." Alilisema mara nyingi. Mara nyengine alilisadiki, mara nyengine hakulisadiki, lakini sindano iliendelea kwenda. Alijichoma, akanyonya kidole upesi ili damu isiguse satini. Alitoka jasho mgongoni na vidole vyake ni baridi. Aliwahi kusimama, akafika mpaka mlangoni, akajiona yuko mlangoni, akarudi.

Akafunga fundo. Akakata uzi.

Gauni limekwisha, na hapakuwa na mtu wa kumwambia. Alichukua simu, akampigia Haidar. Iliita, haikupokewa. Akapiga tena. Haikuita kabisa.

Hapo ndipo ilipokuwa ngumu kuliko pote. Kwa sababu mkasi ulikuwa pale pale, karibu na goti lake, na akili yake, ile ya mtoto wa miaka tisa, ilimwambia jambo moja kwa uwazi kabisa. Fumua. Fumua kidogo tu, shubiri moja, Haidar atapokea simu. Alikuwa ameshaushika mkasi. Ncha yake ilikuwa juu ya fundo.

Akainuka na mkasi wake, akatoka mbio na miguu mitupu mpaka mlango wa Konsolata.

"Niwekee huu mkasi mpaka jioni."

Konsolata alikuwa na sare yake ya kazi, ndiyo kwanza ameingia. Aliutazama mkasi, akaitazama mikono iliyoushika. Ni nesi, amekwishaona mikono mingi. Aliupokea, akauweka juu ya kabati, akavuta kiti. "Kaa, Mama Zule. Nina chai."

Walikunywa chai. Konsolata hakuuliza kitu. Alimsimulia habari za binti yake anayesoma Bukoba, anayeandika ujumbe wa simu bila kuweka nukta hata moja. Time alisikia nusu, masikio mengine yapo barabarani. Kila pikipiki iliyopita ilimfanya aweke kikombe chini.

Jua lilikuwa limeanza kushuka Haidar alipokuja, analalamika kabla ya kuzima mashine. Simu imeisha chaji njiani. Jokofu lenyewe bovu la kutupwa. Na mwenye duka, mtu mwema lakini hajui kufikiri, amempa fenesi zima la kushukuru, kubwa kama mtoto wa mwaka, limemyumbisha pikipiki kutoka Wete mpaka hapa.

Time alisimama ukumbini kwa Konsolata anacheka, na machozi yanamtoka, na hakuyafuta. Haidar aliliona hilo, akaacha kulalamika.

"Limekwisha?"

"Limekwisha."

Aliingia chumba kile alichokiita hospitali, na mikono yake ina utomvu akaiweka nyuma ili asiguse kitu. Akainama akalitazama pindo pande zote. Hakuwa mtu wa maneno mengi kwenye mambo kama hayo. "Limenyooka," alisema. Jioni ile walilikata fenesi, wakala na Konsolata, na kabla ya kulala Time akalimaliza na lile gauni la kitenge, kwa mikono hiyo hiyo ya baridi, mwenyewe amekaa hapo hapo anangoja.

Siku ya harusi Time alikaa mbele. Bi Asya alikuwa upande wake wa kulia, amevushwa tangu jana, amejifukiza udi. Zulekha alipotolewa, wanawake walipiga vigelegele, na mwili wa Time ukaruka wote kama aliyemwagiwa maji. Alikishika kiti. Mamaake akamwekea mkono mapajani. Time akasikiliza vizuri, akahakikisha ni vigelegele, kisha akapiga cha kwake, na kilitoka kikubwa mpaka biharusi, ambaye alitakiwa ainamishe macho, akayainua kutazama nani yule.

Alibaki mpaka mwisho. Alisimama barabarani magari ya Mkoani yakiondoka, akalia kilio cha kawaida cha mama yeyote anayetoa binti yake. Wageni walipopunguka, mamaake Hamdan, Bi Zuhura, mwanamke mnene mchangamfu, alimvuta pembeni chini ya turubai.

"Mkwe wangu, lile gauni nani kashona?"

"Mie."

"N'na binti mwengine, anaolewa baada ya mwezi wa Mfunguo Sita. Utanishonea?"

Time alilisikia jibu la zamani likija lenyewe, macho, kichwa, kuna fundi mzuri sokoni. Alilingoja lipite.

"Nitashona," alisema. "Lakini n'na ugonjwa wangu. Nikikaribia mwisho napoa mikono, nakuwa kama mtu anayetaka kukimbia. Ukiona nimenyamaza siku nyingi, nipigie simu. Usinionee huruma, uliza tu limefika wapi."

Bi Zuhura alimtazama, asijue kama ni mzaha au kweli, akaona ni kweli. "Nitakupigia," alisema. "Mie kwa kupiga simu, muulize Hamdan."

Wakaingia ndani pamoja, kwa sababu masufuria yalikuwa bado hayajaoshwa.